Kubadilisha Injini ya Pawatila Kongwe: Tuangalie Mizunguko Kabla ya Nguvu za Farasi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi wa zana za kilimo, maafisa ugani na maafisa ugavi

1.0 Utangulizi



Nimeombwa kuzungumzia kubadilisha injini katika pawatila za zamani. Nyingi ya zile zilizosambaa vijijini baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa Tanzania mwaka 2009 sasa zimechoka. Fremu nzima, giaboksi nzima, lakini injini inakula oili na kuiwasha asubuhi ni kupokezana hendeli. Mkulima au skimu ya umwagiliaji hujiuliza: kununua pawatila mpya au kubadilisha injini peke yake? Kwa maoni yangu, mara nyingi kubadilisha injini kunalipa, ilimradi injini inayokuja isiiue giaboksi iliyobaki.

2.0 Maana ya istilahi

Pawatila ni trekta dogo la magurudumu mawili ambalo dereva huliongoza kwa mikono. Puli na mikanda huhamisha nguvu kutoka kwenye injini kwenda kwenye klachi na giaboksi. Gavana hudhibiti mizunguko ya injini. Rotaveta ni kifaa cha nyuma cha kutifulia udongo. Haya sote tunayafahamu, kwa hiyo niendelee.

3.0 Je, injini inastahili kubadilishwa?

Pawatila nyingi za nguvu za farasi 12 zinatumia injini ya dizeli ya silinda moja ya aina ya S195. Slivu ya silinda yake inachomoka. Slivu, pistoni na ringi vikibadilishwa, na filta ya hewa ikasafishwa inavyotakiwa, injini nyingi zilizohukumiwa kufa hurudi kazini. Kubadilisha injini nzima kubaki kwa bloku iliyopasuka, krankshafti iliyokatika, au pale ambapo gharama ya matengenezo inakaribia bei ya injini nyingine.

4.0 Tatizo la mizunguko

Hapa naomba Mwenyekiti aniongezee muda, kwa kuwa hili ndilo ninalolipigia kelele mwaka hadi mwaka.

Nyaraka za ununuzi ninazoletewa nizitolee maoni huwa na mstari mmoja tu: "injini, nguvu za farasi 12". Mzabuni analeta injini yenye kibandiko cha 12. Kamati ya mapokezi inaiwasha stoo, inanguruma, inasaini. Hakuna aliyevunja utaratibu, na simnyooshei kidole mtu wala taasisi. Lakini msimu ukianza, pawatila inarudi karakana mikanda ikiwa imeungua au gia zimekatika meno, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Tuangalie takwimu. S195 hutoa kilowati 8.8 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Injini ya petroli ya aina ya GX390 hutoa kilowati 8.7 kwa mizunguko 3600. Kwenye karatasi ni pacha. Sasa tutafute nguvu ya kusokota shafti: zidisha kilowati kwa 9550, kisha gawanya kwa mizunguko. S195 inatoa nyutoni mita 42. Ile ya petroli, kwa mizunguko yake 3600, inatoa 23 tu. Nguvu yake inatokana na kuzunguka upesi, na giaboksi ya pawatila ilitengenezwa kwa mwendo wa S195.

Ukiifunga injini hiyo na kuacha puli za zamani, kila kitu nyuma yake kinaongezeka mwendo kwa asilimia 80. Pawatila iliyokuwa ikivuta tela kwa kilomita 15 kwa saa katika gia ya mwisho inaweza kufika 27, kwa breki zilezile. Rotaveta inasaga udongo kuwa vumbi, na beringi na sili za giaboksi zinapata moto. Kwenye udongo mzito ni kinyume chake: injini inazimika, kwa kuwa msukumo wa kuhimili mzigo haipati.

Fundi mwerevu atasema: "Nitapunguza puli ya injini." Sawa, tupige hesabu. Kipenyo cha puli ya injini ukizidisha kwa mizunguko yake lazima kilingane na kipenyo cha puli ya klachi ukizidisha kwa mizunguko yake. Tuseme puli ya zamani ya injini ilikuwa milimita 130. Kwa injini ya mizunguko 2600 utahitaji puli ya milimita 100; kwa ya 3600, milimita 72. Mkanda wa ukubwa wa B hautakiwi kuzunguka puli iliyo chini ya milimita 125 hivi. Ukiukunja zaidi ya hapo, unateleza, unapata moto na kupasuka. Ndiyo maana mikanda mipya inaungua wakati mwenye pawatila analalamika kwamba ameuziwa feki.

"Basi nitakuza puli ya klachi." Hapo ndipo penye fundo. Katika pawatila nyingi za aina hii, klachi yenyewe imo ndani ya puli hiyo. Kuikereza puli kubwa zaidi ni kutengeneza nyumba mpya ya klachi, yenye uzito mwingine na usawa mwingine. Puli ya milimita 230 ingebidi iwe karibu 300 kwa injini ya mizunguko 2600, na 414 kwa ya 3600. Hiyo inagonga fremu na kifuniko cha mikanda.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili: injini kubwa. ZS1115 hutoa kilowati 16.2 kwa mizunguko 2200, yaani nyutoni mita 70, theluthi mbili zaidi ya S195. Pawatila itavuta kwelikweli, hadi siku rotaveta itakaponasa kwenye kisiki. Siku hiyo kitakachokatika ni gia au shafti, huku injini ikiendelea kunguruma.

Kuna pia suala la uzito. S195 ina kilo 140 na kitu, na imewekwa mbele makusudi ili kusawazisha rotaveta. Ukiweka injini ya kilo 30 na ushee, pua ya pawatila inanyanyuka na mikono ya dereva ndiyo inayolipa. Ikibidi kuitumia, uzito wa chuma ufungwe mbele.

Njia salama ni injini ya ukoo uleule. S195 kwa S195 haina mjadala. S1100 inafaa pia: gavana yake ikishushwa kutoka 2200 hadi 2000, bado inatoa nguvu zaidi kuliko S195 bila kuizidi mno giaboksi. Kushusha gavana ya injini ndogo hakusaidii, kwani mizunguko ikipungua, nguvu nayo inapungua.

5.0 Mapendekezo

Kwa mafundi:
1. Pima kipenyo cha puli zote mbili na uandike kabla ya kung'oa injini ya zamani.
2. Piga hesabu ya puli kabla mteja hajanunua injini.
3. Usifunge mkanda wa B kwenye puli iliyo chini ya milimita 125.
4. Hakiki upande injini inakozungukia, mashimo ya bolti na uzito.
5. Jaribu slivu na ringi kwanza. Kubadilisha injini kuwe hatua ya mwisho.

Kwa maafisa ugavi na skimu:
6. Nyaraka za zabuni zitaje kilowati pamoja na mizunguko kwa dakika. Nguvu za farasi peke yake hazitoshi.
7. Zitaje pia uzito na aina ya pawatila inayokusudiwa.
8. Kamati ya mapokezi iwe na fundi, na injini ijaribiwe ikiwa imefungwa kwenye pawatila yenye mzigo.
9. Bei ya chini ilinganishwe baada ya kuongeza gharama ya puli, mikanda na ukerezaji.

Kwa taasisi:
10. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kwa uzoefu wake wa kupima zana, iombwe kuandaa jedwali la injini na pawatila zinazooana.
11. Vyuo vya ufundi vifundishe hesabu ya puli kwa vitendo.
12. Napendekeza tena, kama ilivyo namba 6: mizunguko kwa dakika iandikwe kwenye kila zabuni.

6.0 Hitimisho

Pendekezo la 12 halihitaji bajeti, kamati mpya wala sheria mpya. Linahitaji mstari mmoja uongezwe kwenye fomu. Naomba semina hii ilipitishe kama azimio, lipelekwe kwa wahusika kwa maandishi.

Naomba kuwasilisha.