Dakika 45 za Ndege Si Safari Nzima
(Hotuba kwa wanachama, Mulot)



Nimeombwa niseme habari ya safari za kazi. Mimi ni mtu wa reli, wala si rubani. Lakini hesabu ya mwendo na saa ni moja, relini na angani.

Watu wetu wanaofanya kazi katika mahoteli ya Mara, na mafundi wanaotumwa huko kutoka Nairobi, huuliza: Kutoka kiwanja cha Wilson mpaka kiwanja cha Keekorok ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua muda gani?

Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 175 hivi. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, ambayo hutumika sana upande huo, hukata karibu kilomita 300 kwa saa. Gawanya umbali kwa mwendo, utapata dakika 35. Ongeza kuzunguka chini kiwanjani, kupanda na kushuka, zitafika 45. Kwa motokaa, kupitia Mai Mahiu na Narok, ni karibu kilomita 250, na saa tano au zaidi.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye mtego. Mwenye kazi huona dakika 45 na kuandika dakika 45. Lakini ndege hizo mara nyingi hutua viwanja viwili vitatu vya Mara, kushusha na kupakia watu, kabla hujafika kwako. Mzigo wako kwa kawaida usizidi kilo 15. Basi fundi mwenye vyombo vizito hana budi kuvituma mbele kwa barabara. Viwanja vingi vya huko ni vya murram, tena havina taa. Mvua ikinyesha sana au jua likizama, ndege haiji, nawe utalala.

Tufanye mfano. Fundi wa friji ameamriwa aripoti Wilson saa moja asubuhi. Ndege yaondoka saa mbili. Baada ya kutua huku na huku, yuko Keekorok saa tatu. Angoja gari la hoteli, ashika spana saa tatu u nusu. Njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka Wilson tusiidai, maana kila mtu huenda kazini kwa nauli yake. Lakini tangu saa moja mpaka saa tatu u nusu alikuwa chini ya amri ya mwenye kazi. Ni saa mbili na nusu. Akilipwa dakika 45, ile saa moja na dakika 45 imekwenda wapi?

Relini, dereva na gadi hawahesabiwi tangu magurudumu yazunguke, bali tangu waliporipoti. Desturi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, watu waliidai.

Kwa hiyo, wajumbe wetu watakapokaa mezani kufanya mapatano, waandike maneno matatu. Kwanza, saa za safari zihesabiwe tangu kuripoti mpaka kufika penye kazi. Pili, kungoja ndege ni kazi. Tatu, anayelazwa na mvua apewe posho ya chakula na malazi, na siku yake isikatwe.

Nanyi, kila mmoja awe na daftari, aandike saa aliyoripoti na saa aliyofika. Mezani, neno la mdomo hupotea, daftari husema.