Kupunguza Maji Pangoni: Uzoefu wa Tham Luang



Tukiambiwa njia ya pango imefurika, wengi wetu hukimbilia pampu. Mimi nashikilia kwamba pampu ni ya pili. Kwanza tujue maji yanaingilia wapi.

Tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya soka na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Mvua ikanyesha, maji yakawafungia njia ya kurudi. Wazamiaji wa Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwakuta hai tarehe 2 Julai, takriban kilomita 4 kutoka mlangoni.

Njia ya pango hupanda na kushuka. Pale inaposhuka kisha ikapanda tena, maji hutuama hadi yakagusa dari, na hewa ya kupumua ikakosekana. Si lazima kukausha pote. Maji yakishuka kidogo tu chini ya dari, mtu hupita kichwa kikiwa nje. Ila kijito kikiingiza lita 20 kwa sekunde na pampu ikatoa 15, tunachoma mafuta bure.

Ndiyo maana kazi ya Tham Luang ninayoithamini kuliko zote ilifanyika juu mlimani. Watu walipenya msituni kutafuta vijito vinavyozama ardhini, wakavizuia na kuyapitisha maji kwenye mabomba. Huku chini pampu zilinguruma usiku na mchana, na jumla ya maji yaliyotolewa ilizidi lita bilioni 1. Yaliishia kwenye mashamba ya mpunga bondeni. Wapo wakulima waliokataa hata fidia, na mimi nawahesabu miongoni mwa waokoaji.

Pango halikukauka. Lakini sehemu ya mwanzo, hadi kilipowekwa kituo cha waokoaji ndani, ikapitika kwa miguu kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo wazamiaji walibakiza nguvu na hewa kwa sehemu zilizozama. Kati ya tarehe 8 na 10 Julai wote 13 walitolewa. Saman Kunan, aliyekuwa akipeleka mitungi ya hewa, alikuwa amefariki tarehe 6.

Saa za mwisho ndizo za kuzingatiwa sana. Wavulana walikwisha kutoka, waokoaji wakiwa bado ndani, pampu kuu ikakwama. Maji yakapanda kwa kasi, wakalazimika kutoka mbio. Basi mpango wowote wa kupita njia iliyopunguzwa maji uulize: pampu ikizima sasa hivi, aliye mbali zaidi atatoka kwa dakika ngapi?

Mambo mawili ya ufundi. Pampu ya kuvuta iliyowekwa juu haivuti vizuri maji yaliyo chini yake kupita mita 7 hivi, hata injini iwe kubwa namna gani, kwa kuwa kinachoyapandisha ni kanieneo ya hewa. Kina kikizidi hapo, itumike pampu ya kuzamishwa. Pili, injini ya dizeli au petroli isiwashwe pangoni kamwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua kabla mtu hajashtuka.

Naviomba vikosi vya uokoaji vilivyo hapa, kabla mvua hazijaanza, vipande juu ya mapango ya maeneo yao pamoja na wenyeji, na kuchora ramani ya kila mahali kijito kinapozama.