MTO NGERENGERE NA WAJIBU WA MJI



Katika ramani nyingi zinazotundikwa darasani, Mto Ngerengere ni uzi mwembamba tu, na pengine hauonekani kabisa. Hata hivyo mto huo hunywesha mji wa Morogoro, na maji yake hatimaye huingia katika Mto Ruvu, tegemeo kubwa la Dar es Salaam. Kwa hiyo udogo wa mto si kipimo cha uzito wake.

Ngerengere huanzia katika miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi upande wa mashariki wa milima hiyo. Zikivuka kwenda magharibi huwa zimekwisha kupungua unyevu. Ndiyo sababu mto hufurika wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hubaki kijito. Kutoka milimani huelekea kaskazini, huuzunguka mji, hupokea maji ya Mto Morogoro, kisha hugeuka mashariki. Huko hufuata njia moja na reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ukapita katika nchi ya mkonge na kituo chenye jina lake, hata ukajitia katika Ruvu.

Mto wa namna hii hauwezi kuutosheleza mji mwaka mzima bila ya ghala. Ghala hilo ni Bwawa la Mindu, lililo kusini-magharibi ya mji, ambalo limeuhudumia tangu miaka ya 1980. Lakini bwawa hupokea kila kitu kiletwacho na mto. Msitu ukifyekwa na shamba likilimwa kufuata mteremko, mvua huchukua udongo. Maji yafikapo bwawani hupoteza mwendo, na udongo hutua chini. Kila ndoo ya tope itwaayo humo huondoa nafasi ya ndoo ya maji.

Wapo wasemao kwamba dawa yake ni amri kali kwa wakulima wa milimani. Historia ya Uluguru yatosha kuwajibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa, ukabaki ule usiozaa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika. Udongo uliendelea kuteremka kama kawaida.

Nusu karne baadaye njia nyingine ilijaribiwa katika safu hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo mpango ambao wakulima walilipwa kwa kupanda miti na kuhifadhi udongo, kwa kuwa kazi hiyo huwanufaisha watumiaji wa maji walio mbali. Tofauti ilikuwa moja: mkulima alitambuliwa kuwa mshirika, si mkosaji.

Aidha, mji wenyewe hauna haki ya kunyooshea milima kidole. Taka zake, za viwanda na za majumbani, huteremka na Ngerengere kuwafikia wanavijiji wa chini, ambao nao huchota na kunywesha mifugo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Sheria haikusema mita hizo ni za mkulima peke yake. Mwenye kiwanda na mtumishi mwenye kiwanja cha nyumba wamo pia.

Kwa sababu hiyo, hapana budi gharama ya kutunza maji igawanywe kwa haki. Anayefungua bomba mjini alipie pia mti unaopandwa Mzinga na Mlali. Mtumishi anayepanga bajeti ya maji asiishie kwenye mabomba na mitambo. Aanzie kwenye miteremko. Na mwalimu, badala ya kuwakaririsha wanafunzi majina ya mito ya mbali, awapeleke Mindu mara baada ya mvua, wayatazame maji mekundu yanavyoingia, kisha awaulize udongo ule umetoka katika shamba la nani, na nani atakosa maji kwa ajili yake.