Nionesheni Soko: Wajibu Wetu kwa Wanafunzi Wageni wa Kariakoo

Nasaha kwa wazazi na walezi, Jangwani, Dar es Salaam



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Wazazi wangu, walezi na ndugu zangu katika imani. Nazungumza juu ya vijana wanaotoka Kigoma, Tabora, Lindi, Mtwara na Visiwani, wakafikia kwa ami na mashangazi zao hapa Jangwani na Kariakoo ili wasome sekondari. Tumewapa mahali pa kulala, chakula na nauli ya shule, na Allah atatulipa kwa hilo. Lakini lipo jambo tuliloghafilika nalo, nalo ni kuwaonesha njia ya kupita baada ya kidato cha nne.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsomesha jioni kijana kutoka Kigoma, aliyekuwa akiishi kwa ami yake mwenye duka Mtaa wa Kongo. Alifaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, akanijia kuniuliza asome nini kidato cha tano. Mimi nimesoma elimu yangu ya juu kwa Kiarabu, na mambo ya tahasusi sikuyajua. Badala ya kukiri kuwa sijui, nilimwambia: "Mwanangu, soma chochote chenye kheri." Akafuata alichochagua rafiki yake: Historia, Jiografia na Kiswahili. Alipomaliza kidato cha sita akataka kusomea udaktari, ndipo akaambiwa kuwa chuo kikuu kinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Hakunilaumu, lakini nilipomuona akitembeza soksi mitaani nilijua kuwa na mimi nina sehemu yangu katika jambo lile.

Ndugu zangu, tunayo mafunzo katika sira. Abdulrahman bin Auf (RA) alipohamia Madina, Mtume (SAW) alimuunganisha kindugu na Saad bin Rabii (RA). Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman akamuombea baraka, kisha akaomba aoneshwe soko lilipo. Akaoneshwa, akaanza kufanya biashara ya samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa Masahaba. Nguvu na akili alikuja nazo kutoka Makka. Alichokihitaji kwa wenyeji ni kuoneshwa soko.

Mji wetu nao una mfano wake. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari aliyetoka Msumbiji. Baba yake alikufa maji yeye angali mchanga, akalelewa na Affande Plantan, mhamiaji mwenzake baba yake. Alisomeshwa, akajua Kijerumani, na baadaye akawa karani wa reli. Ni katika waasisi wa African Association mwaka 1929, na wa Al-Jamiatul Islamiyya mwaka 1933, jumuiya iliyojenga shule hapa Kariakoo. Yatima huyu alipata mlezi aliyejua elimu ipi ina kazi katika zama zake.

Basi mlezi wa leo ajue nini?

Kwanza, tahasusi. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano zikafikia 65, na kati yake limo kundi la elimu ya dini. Mwanafunzi hujaza chaguo lake kabla ya mtihani, na baada ya matokeo hufunguliwa muda mfupi wa kubadilisha katika mfumo wa TAMISEMI. Muda huo ukipita, umepita. Mlezi amuulize kijana anataka kuwa nani, kisha atazame fani hiyo inadai masomo gani. Uhandisi, kwa mfano, hauingiliki bila Fizikia na Hisabati.

Pili, vyuo vya kati na ufundi. Stashahada ya utabibu huombwa kwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Nalisema hili mimi mwalimu wa madrasa, kwa sababu kumficha kijana si kuipenda dini. Na VETA Chang'ombe tusiiite mahali pa walioshindwa. Fundi umeme mwaminifu ni hazina kwa umma.

Tatu, vyeti. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na mamlaka husika, na yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Wageni wetu wengi waliviacha vijijini au hawakuwahi kuwa navyo. Visitafutwe wiki ya mwisho. Vianze kufuatiliwa kidato cha tatu. Na wale wenye asili ya Burundi, Kongo au Komoro waelezwe mapema kuwa mkopo huu ni wa raia wa Tanzania, ili hali ya uraia wao ijulikane na njia nyingine itafutwe kungali na wakati.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu jembe tunalowapa ni kukaa dukani, kwa kuwa ndilo tunalolijua. Biashara ni sunna, lakini tusimpe kijana duka kwa sababu tu tumeshindwa kumuulizia chuo.

Napendekeza kila msikiti na madrasa hapa mtaani watenge siku moja baada ya matokeo ya kidato cha nne, wawaite muuguzi, mhandisi, mwalimu, mhasibu na fundi wanaoswali nasi, wakae na vijana mmoja mmoja. Jambo hili halihitaji harambee. Linahitaji mkeka, orodha ya majina na watu wasioona haya kusema "sijui, ngoja tumuulize fulani."

Kijana yule wa Kigoma, alhamdulillah, baada ya miaka miwili alioneshwa na muumini mmoja kuwa cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kinatosha kuombea stashahada ya utabibu. Akaomba, akakubaliwa. Cheti hicho alikuwa nacho siku zote, na miaka ile miwili hairudi.

Allah atuwafikishe tuwe wenyeji wema kwa wageni wetu. Wabillahi tawfiq.