Pauni za Vita na Pauni za Shamba

Wasikilizaji, hesabu ya fedha za Serikali ni jambo ambalo watu wengi huwaachia makarani. Lakini hesabu ya Kenya ya miaka ya Hali ya Hatari yafaa kusomwa na kila mlipa kodi.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana, Sir Evelyn Baring, tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Taarifa ya Bwana Corfield, iliyochapishwa mwaka huo wa 1960, ilionyesha kuwa gharama zake zilipita £55,000,000, yaani zaidi ya shilingi 1,100,000,000. Fedha hizo zilikwenda katika mishahara ya askari na polisi, magari, silaha, na makambi ya watu waliowekwa kizuizini. Sehemu ilitoka Hazina ya Uingereza, na sehemu ililipwa na Kenya yenyewe. Tena Wakikuyu, Waembu na Wameru walitozwa kodi ya ziada, hata mkulima wa Nyeri aliweza kujikuta akichangia gharama ya boma lililomzunguka mwenyewe.

Hakuna atakayesema kuwa raia hawakustahili kulindwa. Waliouawa Lari usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Swali ni lini fedha hutoka, na kwa ajili ya nini.

Mwaka 1954 ulianza mpango wa Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Uingereza ilitoa £5,000,000 za kutumika kwa miaka mitano katika mashamba ya Waafrika: kuunganisha vipande vya ardhi, kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kueneza kahawa, chai, pareto na ng'ombe wa maziwa. Kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi, na kazi yake ilionekana. Hata hivyo, kwa kila pauni moja iliyotolewa kwa mpango huo, pauni kumi na moja zilitumiwa vitani. Na Tume ya Carter ilikuwa imekwisha kusikiliza malalamiko ya ardhi tangu mwaka 1932! Kwa miaka ishirini fedha za kiasi hicho hazikupatikana. Zilipatikana damu ilipokwisha kumwagika.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana katika hesabu ya pauni. Watu zaidi ya 1,000,000 walihamishwa wakatiwa katika vijiji vipya. Wengi walichimba mahandaki kando ya misitu kwa kazi ya lazima isiyo na ujira, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, na siku walizochimba ni siku ambazo mashamba yao hayakulimwa.

Mti wa kahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Iliyopandwa mwaka 1954 ilianza kuchumwa mnamo 1957 na 1958, makambi ya kizuizini yakiwa bado hayajafungwa.