Arusha mtandaoni: wimbo wa nani?

Kabla YouTube haijaanza mwaka 2005, X Plastaz, kundi la hip hop la Arusha, walishasikika Ulaya. Tovuti ya africanhiphop.com ya Mholanzi Thomas Gesthuizen, aliyekuwa pia meneja wao, iliwatangaza. Mwaka 2004 ikatoka albamu yao, Maasai Hip Hop, rapu ya Kiswahili ikipishana na sauti ya Merege, mwimbaji wa Kimaasai.

Leo kijana wa Daraja Mbili, hapo Arusha, hamhitaji Mholanzi. Anapakia video kwa simu, anajibu mashabiki papo hapo, anaona hata wanatazama kutoka nchi gani.

Utata uko kwenye umiliki. Prodyuza akipakia wimbo kwenye akaunti yake, mapato ya matangazo yanaingia kwake, na msanii anabaki na sifa. Sifa hazilipi kodi ya chumba! Makubaliano yaandikwe studio, kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo ipakiwe.