Kidole cha Nani? Mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911 na Mageuzi Tunayoyadai

(Hotuba ya wakili mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi, Kitengela)



Mmeniomba nizungumze juu ya mageuzi. Neno hili lilivuma sana katika miaka ya 1990, hata wengi wakadhani kwamba mageuzi yalizaliwa Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba na vyama vingi vikaruhusiwa. Mimi naomba turudi nyuma zaidi, tena bila kwenda mbali na hapa tulipoketi. Karibu miaka themanini kabla ya siku hiyo, Wamaasai walikwenda mahakamani kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha madai yetu yote: huyu aliyetia kidole kwa niaba yetu, nani alimtuma?

Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, na walowezi waliitamani nchi ya Naivasha na Nakuru. Mwezi Agosti 1904 Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mkataba na Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, pamoja na wazee wengine. Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa wakagawanywa pande mbili: wengine Laikipia, wengine huku kusini. Mkataba ulisema kwamba utadumu maadamu Wamaasai wangali wako duniani kama taifa. Haukudumu hata miaka saba.

Tumtazame kwanza huyo aliyehesabiwa kuwa mkuu. Olonana alikuwa laiboni. Kazi ya laiboni ni kuomba, kubariki na kutabiri; mambo ya malisho na maji husemwa na wasemaji wa marika, nao husema baada ya kukaa kitako na watu wao. Serikali ya kikoloni ilitaka mtu mmoja wa kushughulika naye, ikamfanya kiongozi wa ibada kuwa mfalme. Ni kana kwamba leo serikali imwendee askofu ili atoe ng'ombe wa waumini wote wa dayosisi, kisha ikisha kuwachukua iseme kwamba kanisa limekubali.

Olonana alifariki Machi 1911. Mara ikatangazwa kwamba alipokuwa akikata roho aliusia ndugu wa Laikipia waungane na wenzao kusini. Wosia huo uliwafaa sana walowezi walioitaka Laikipia! Haukupita mwezi mzima. Mapema Aprili, wakati wa Gavana Percy Girouard, mkataba wa pili ulikuwa tayari. Aliyetajwa humo kuwa mkuu wa Wamaasai wote ni Segi mwana wa Olonana, naye alikuwa kijana mdogo. Legalishu, msemaji wa Wamaasai wa kaskazini, aliyekuwa amepinga kuhama, naye alitia alama yake. Baadaye aliikana, akaongoza upinzani. Watu na mifugo walianza safari ndefu kupitia milima ya Mau, mvua na baridi zikawakuta njiani, mifugo wakafa, na uhamisho ukasimama kwa muda kabla ya kuendelea.

Mwaka 1912 wakatafuta wakili, Alexander Morrison. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliwasaidia na kuandika barua Uingereza kuwatetea. Malipo yake yalikuwa kuhamishwa kutoka katika nchi hii. Ol le Njogo na wenzake wakamshitaki Mwanasheria Mkuu pamoja na wale waliotia sahihi mkataba wa pili. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mkataba wa 1904 ungali na nguvu. Ule wa 1911 haukuwafunga, kwa kuwa waliousaini hawakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya wote.

Hukumu ilitoka Mei 1913. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwa jambo moja: haikulijibu swali. Mahakama haikusema kwamba Segi alikuwa na mamlaka, wala haikusema kwamba watu waliridhia. Ilisema kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, bali ni wageni walio chini ya himaya yake. Kwamba mapatano baina ya Mfalme na watu wa namna hiyo ni tendo la dola. Na tendo la dola mahakama haina uwezo wa kulichunguza. Rufaa nayo ikatupwa Desemba mwaka huo huo. Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa kamili walipotakiwa kusaini. Walipokuja kulalamika hawakuhesabiwa kuwa lolote.

Mwaka ule ule, Wamarekani walikuwa na ugomvi unaofanana na huu. Maseneta wao walikuwa wakichaguliwa na mabunge ya majimbo, na matajiri wa reli na mafuta walikuwa wamegundua kwamba ni rahisi kuwanunua wabunge wachache kuliko kuwanunua wananchi wote. Watu wakachoka. Jimbo la Wisconsin, chini ya Gavana Robert La Follette, lilipitisha mwaka 1904 sheria ya kura za mchujo, ili wagombea wateuliwe na wapiga kura wenyewe badala ya wakubwa wa vyama. Kisha Aprili 1913 katiba ya nchi nzima ikarekebishwa, maseneta wakaanza kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Mwezi mmoja tu kabla ya hukumu ya Ol le Njogo!

Lakini tusiimbe sifa za Marekani bila kufumbua macho. Katika majimbo ya kusini kura hizo hizo za mchujo zilifanywa za wazungu peke yao, na Mahakama ya Juu haikukomesha jambo hilo mpaka 1944. Wanawake wa nchi nzima walingoja hadi 1920. Mageuzi yaliyofanywa kwa ajili ya baadhi ya watu huwaacha wengine wakitiwa vidole na watu wasiowatuma.

Wazee mlio hapa mtaukumbuka mwaka 1988. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limeanzisha kura ya siri mwaka 1888. Miaka mia moja baadaye, sisi tulipangwa mlolongo nyuma ya mgombea au picha yake, chifu akitazama, tajiri unayemfanyia kazi akitazama, na mtu anayekudai akitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya watu waliosimama alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa kuingia Bungeni, na kura ya siri haikufuata. Wachungaji wa Baraza la Makanisa, NCCK, waliupinga utaratibu huo mapema, mwaka 1986, ilipokuwa hatari kuupinga. Mlolongo ulipoondolewa, Desemba 1990, chama kilikuwa bado kimoja. Kwa hiyo msiniambie kwamba kanisa halina neno katika mambo haya.

Sasa nije kwenye ardhi hii tunayoikanyaga. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, na Kajiado ilikuwa mstari wa mbele. Wanachama walichagua wawakilishi kati ya watatu na kumi, na ardhi ikaandikwa kwa majina ya hao. Makusudi yalikuwa mema. Lakini tulirudi kwenye vidole vichache kwa niaba ya watu wengi. Daftari likakaa nyumbani kwa mtu, na majina yaliyomo, kwa sehemu kubwa, yalikuwa ya wanaume wenye maboma. Ranchi zilipogawanywa, kuanzia miaka ya 1980, wako waliopata vipande visivyolingana na vya wenzao, na wako wajane waliosikia kwamba ardhi imekwisha gawanywa baada ya mpimaji kupita. Huja ofisini kwangu hata leo wakiwa wamefunga karatasi kwenye khanga, nami wakati mwingine sina la kuwaambia, maana muda wa kudai umepita.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilifuta ile ya 1968. Kamati ingalipo, lakini juu yake kuna baraza la jamii, nalo ni la wanachama wote watu wazima, wake kwa waume. Uamuzi wa kuiondoa ardhi mikononi mwa jamii haufungi mtu usipoungwa mkono na theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa. Laiti Legalishu angalikuwa na kifungu hicho! Katiba ya 2010 nayo inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi, kwa hiyo mama anayeambiwa kwamba jina la mumewe latosha anadanganywa.

Ninyi mlionunua ploti hapa Kitengela, nanyi mko kanisani humu kwa wingi, msidhani kwamba haya ni ya Wamaasai peke yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya ardhi ya Mombasa, kwamba kuwa na hati mkononi hakutoshi ikiwa chanzo cha hati hiyo kilikuwa kinyume cha sheria. Mnunuzi na mjane wanahitaji kitu kimoja: kumbukumbu za mkutano uliofanyika kweli, na orodha ya watu waliohudhuria kweli.

Mahali ambapo ardhi ya jamii bado haijaandikishwa au kugawanywa, daftari la wanachama ni haki yenu kulisoma. Ombeni lisomwe hadharani, jina kwa jina, na akina mama wawepo likisomwa. Anayekosa jina lake aseme pale pale, na maneno yake yaandikwe. Mimi nitabaki hapa baada ya ibada kwa wale wenye karatasi za kuonyeshwa. Naomba tuanze na wajane.